Dakika Nne Katika Chumba cha Kujifungulia

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha Kakamega tangu saa saba na sasa yamebaki manyunyu. Nimekaa kitandani na viatu bado viko miguuni.

Leo nimeandika ripoti ya kurasa mbili na imenimalizia siku nzima. Hapa nataka kuandika yale ambayo hayakuwa na nafasi ndani ya ripoti.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mkunga. Nimeifanya kazi hii miaka tisa. Sasa niko likizo ya masomo, nasomea shahada ya uzamili ya uuguzi na ukunga, na mama yangu kule Mautuma ameshawaambia majirani kwamba nikimaliza nitakuwa daktari wa upasuaji. Nimechoka kumsahihisha.

Utafiti wangu unauliza swali dogo. Mama akishajifungua, muuguzi anatakiwa kumkagua kila robo saa kwa saa mbili za kwanza. Aguse tumbo ahakikishe mfuko wa uzazi umekaza, na aangalie damu. Je, jambo hilo hufanyika? Na lisipofanyika, ni kwa nini?

Jibu kila mkunga analo. Muuguzi ni mmoja, kina mama ni watatu, na wote wanamtaka kwa wakati mmoja. Lakini hakuna anayeongeza wauguzi kwa sababu wakunga wamelalamika. Wanataka ushahidi. Kwa hiyo nimekuwa nikikaa pembeni mwa chumba cha kujifungulia, katika kituo kimoja cha afya upande wa Mumias, nikiwa na sare yangu na fomu magotini. Sigusi kitu, sisemi neno. Natia alama tu: amekaguliwa, hajakaguliwa.

Kamati ya maadili ilipopitisha utafiti wangu ilitaka niongeze sentensi moja. Niliitunga mwenyewe: mtafiti akiona dalili ya hatari, ataacha uchunguzi mara moja na kusaidia.

Mara moja. Ni maneno yangu hayo.

Jana asubuhi zamu ilikuwa ya Sista Berita. Huyu ndiye aliyenipokea nilipokuwa mwanafunzi, akaniongoza viganja siku nilipomzalisha mama kwa mara ya kwanza. Mama aliyekuwa kitandani ni Zaituni wa kule Musanda, uzazi wake wa tatu. Nilikuwa nimemwomba ridhaa mapema, kabla uchungu haujamkolea. Alitia sahihi akicheka. "Andika tu, sista. Bora usiandike vile nitapiga kelele."

Hakupiga kelele hata. Mtoto wa kiume alitoka saa tatu na nusu, kondo la nyuma likafuata zima. Robo saa ya kwanza Berita alimkagua vizuri. Nikatia alama.

Kisha mama wa chumba cha pili akaita, na sauti yake ilikuwa ile ambayo haingoji. Berita akakimbia. Alinipita bila kuniangalia, kama nilivyokuwa nimemwomba afanye siku zote: ajifanye sipo.

Saa nne kamili ikafika. Ukaguzi wa pili. Berita hakuwepo.

Nikatia alama: hajakaguliwa.

Saa nne na dakika mbili niliona leso iliyotandikwa chini ya Zaituni imeanza kugeuka rangi.

Sasa naingia mahali pagumu. Damu baada ya kujifungua ni kawaida, hilo nilijiambia. Nilijiambia pia kwamba Berita anarudi sasa hivi, nasikia mtoto wa chumba cha pili ameanza kulia. Nikajiambia kwamba Zaituni ametulia, mtoto yuko kifuani, uso hauna wasiwasi. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini sikukaa kwa sababu ya hayo.

Nilikaa kwa sababu Zaituni alikuwa mama wa ishirini na nane kwenye hesabu yangu, na nilihitaji thelathini. Nikisimama, fomu yake inaharibika. Na kuna jingine, ambalo sijamwambia mtu: kile kisanduku cha "hajakaguliwa" kilinipa furaha kidogo. Kilikuwa kinathibitisha ninachotaka kukithibitisha. Nilitaka kuona Berita atachelewa kwa muda gani.

Nilitaka kuona. Mkunga mzima.

Damu ilipodondoka kutoka ukingo wa kitanda hadi sakafuni, saa ilikuwa nne na dakika sita. Hapo ndipo niliposimama.

Niliweka mkono tumboni. Palipotakiwa kuwa na kitu kigumu kama chungwa, hapakuwa na kitu. Palikuwa laini tu. Nikaanza kusugua kwa nguvu na kuita, "Berita! Berita!" bila hata kusema sista. Akaja mbio. Hatukuulizana. Yeye sindano, mimi kusugua. Yeye dripu mkono wa kushoto, mimi nikapapasa chini ya kitovu nikakuta kibofu kimejaa, kinausukuma mfuko wa uzazi pembeni usikaze. Tukaingiza mpira wa kutolea mkojo, ukatoka mwingi. Berita akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, akaambiwa limeenda Butere. Akaiacha simu juu ya meza, akarudi, akakunja mikono ya sweta.

"Zaituni, nitazame mimi," alikuwa anamwambia. "Usilale. Mtoto ataitwa nani?"

Zaituni alikuwa anajibu polepole, midomo imepauka. Mara ya pili hakujibu.

Sijui ulipita muda gani, maana hakukuwa na mtu wa kuangalia saa. Ninachojua ni kwamba chini ya kiganja changu kitu kilianza kujikusanya, kikalegea, kikajikusanya tena, kisha kikakaza na kubaki kimekaza. Damu ikapungua. Zaituni akafungua macho akauliza mtoto ameenda wapi. Alikuwa kwenye kitanda chake kidogo, amelala fofofo, hana habari.

Tulipokuwa tunanawa, Berita aliniuliza, "Phanice, uliona saa ngapi?"

"Nilipoona ndipo niliposimama."

Akatikisa kichwa. "Ni mimi," akasema. "Ningechungulia hata mara moja tu."

Nikamwacha aseme hivyo. Nikafunga bomba, nikakausha mikono, nikaenda kujaza fomu. Palipoandikwa muda ambao mtafiti aliona hatari, niliandika saa nne na dakika sita.

Jioni nikasikia mkuu wa kituo amemtaka Berita aandike maelezo kwa nini hakumkagua mama.

Leo asubuhi nimempigia msimamizi wangu wa tasnifu, Daktari Nafula. Ni mtu wa maneno machache. Nilimsimulia kila kitu isipokuwa hizo dakika. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kati ya kuona na kusimama, palipita muda gani?"

Nikaanza kumweleza tena habari ya gari la wagonjwa.

"Usinijibu sasa," akasema. "Andika. Lakini ukishaniandikia, sitaweza kujifanya sijasoma."

Ningeweza kuandika chochote. Katika chumba kile aliyekuwa na saa ni mimi peke yangu. Nikafika kituoni kabla ya saa nne, bado sijaamua.

Zaituni alikuwa wodini, ameegemea mto, anamnyonyesha mtoto. Mama mkwe wake, Mama Saidi, alikuwa pembeni na chupa ya supu ya ingokho, kuku wa nyumbani. Nilimsalimia, akaitikia na kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ni wewe ulituokolea huyu binti yetu," akasema. "Tangu jana nakuombeanga dua. Kaa, nikuwekee supu."

Sikuweza. Nikasema nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema. Niliwaambia kwamba niliiona damu mapema, kwamba nilikaa dakika nne nikiiangalia, na kwamba Sista Berita hakuwa na kosa, alikuwa anaokoa mtoto mwingine. Niliwaambia ilikuwa kwa ajili ya karatasi zangu.

Mama Saidi alikuwa ameshamimina supu. Akabaki ameshika kikombe, hanipi, hakiweki chini.

Zaituni alimhamisha mtoto titi la pili. Alifanya hivyo taratibu sana. Kisha akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira:

"Mimi nilisikia. Nilisikia kitu moto kinateremka. Nikataka kuita. Nikakuangalia, nikaona unaandika. Nikasema, kama sista anaandika tu, basi hivi ndivyo kunakuwanga."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Hiyo pia utaandika?" akaniuliza.

"Ukiniruhusu."

"Andika."

Mama Saidi aliinywa ile supu yeye mwenyewe, akageuka dirishani. Hakuniaga.

Berita nilimkuta kwenye meza ya wauguzi, na karatasi yake ya maelezo mbele yake, mistari mitatu tu. Nikamwambia. Akafunika kalamu yake, na nikajua kuna kitu baina yetu ambacho hakitarudi hivi karibuni, labda kisirudi kabisa.

"Sikupata usingizi jana," akasema. "Nilikuwa nahesabu nilipokosea." Kisha akaichana ile karatasi vipande viwili. "Nenda kaandike yako, Phanice. Mimi nina wamama wanne."

Nikaenda kwa mkuu wa kituo, nikamweleza yote. Nikarudi hapa na mvua mgongoni, nikaandika. Nimesahihisha ile fomu kwa mkono wangu mwenyewe: nimekata dakika sita kwa mstari mmoja usioficha kitu, nikaandika mbili, nikatia sahihi pembeni. Nimeweka maneno ya Zaituni kama alivyoyasema. Nimetuma kwa Daktari Nafula, na nakala kwa kamati.

Saa kumi amejibu. "Nimepokea. Ukusanyaji wa data umesimama hadi kamati ikae. Usiende kituoni kwa sasa. Umefanya vyema kuandika." Nimeisoma ile sentensi ya mwisho mara nyingi na hainisaidii.

Huenda nisihitimu mwaka huu. Huenda wakaniambia nianze upya, au niache. Ajabu ni kwamba si hilo linalonisumbua. Miezi yote hii nilidhani nikikaa kimya pembeni ni kama sipo, na hata tasnifuni nimetumia ukurasa mzima kueleza jinsi mtafiti asivyoathiri kinachotendeka chumbani. Sikumuuliza mama hata mmoja yeye anaona nini anapomwona mtu wa sare, ametulia, na kalamu mkononi.

Kabla ya Zaituni nilikaa na kina mama ishirini na saba. Wote walirudi nyumbani wazima, namshukuru Mungu. Lakini ni wangapi kati yao walisikia kitu, wakanitazama, wakanyamaza?