Barua Pepe Iliyomfikia Hedimasta

Mpendwa Cherono,

Huku Ndanai hatujambo. Ng'ombe amezaa, na babu yako anajisifu kana kwamba aliyezaa ni yeye.

Unasema unaona haya kuwauliza wanafunzi wako mambo ya kompyuta. Miaka ya tisini, sisi walimu tuliitwa Kericho kujifunza intaneti. Nikamwandikia rafiki yangu barua pepe: "Hedimasta wetu anakoroma kwenye semina!" Nikachagua jina vibaya, ikamwendea hedimasta mwenyewe, ameketi nyuma yangu.

Nikamsikia akiisoma polepole. Akainuka, akaja. Nilitamani ardhi inimeze.

Akaninong'oneza, "Mwalimu, barua yako nimeipata. Sasa nionyeshe jinsi ya kujibu. Walipofundisha hapo, nilikuwa nakoroma."

Nilimwonyesha, naye akanishukuru mbele ya wote. Waulize tu, mama.

Bibi yako anayekupenda, Kogo