Kigingi Nyuma ya Debe la Unga

Ghorofa ya Tatu,
Juu ya Duka la Vipuri,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini u mzima, ingawa nina shaka. Katika barua yako umeandika "sisi hatujambo" mara mbili, na mtu mwenye afya husema mara moja. Halafu kwenye ile picha uliyotuma wifi amesimama mbele yako, mguu wako wa kushoto hauonekani. Kama umeumia, sema. Sisi huku hatujambo, nami nimesema mara moja.

Shemeji yako presha imetulia, goti langu linalalamika kila nikipanda ngazi, na binti yako Chiriku amerefuka mpaka sare ilibidi ipanuliwe mabegani. Habari ninayokuandikia ni yake. Najua naye ataandika, ndiyo maana nimeamua kuwahi.

Unalikumbuka lile eneo chepechepe linaloonekana kutoka dirisha la jikoni, palipokuwa pakitupwa matairi na vifusi? Mwaka huu malori yalikuja yakazoa uchafu wote. Wakazungusha waya, wakasimika kibao cha kijani kinachosema ni hifadhi, mtu asiingie, kisha wakaenda zao. Hawakupanda hata mche mmoja. Mimi nimetunza stoo ya hospitali hadi kustaafu, na ninajua kwamba mtu akisafisha rafu na kuiacha tupu, kuna mzigo wake unakuja.

Chiriku alirudi na maelezo mengine. Ofisa wa maliasili, ambaye watoto wanamwita Bwana Kijani kwa sababu ya sare yake, alikuwa amefika darasani kwao. Akawaambia kuwa nchi hulinda ardhi ya namna hiyo kwa sheria, huitangaza rasmi, huiwekea mipaka, na baada ya hapo haiuzwi. Maji ya mvua hutulia pale badala ya kuingia kwenye nyumba za mtaa wa chini. Tena kuirudishia uhai si lazima upande kitu, kwani mbegu za zamani zimelala udongoni na zikiachwa zitaamka zenyewe. Nchi inatakiwa kulinda na kuwa na subira, ndivyo Chiriku alivyonieleza. Nikamwambia subira hata mwizi anayo.

Nilimuuliza eneo lile ni la nani. Akasema ni letu sote. Nikamjulisha kwamba stoo niliyoambiwa ni yetu sote ndiyo iliyotangulia kuishiwa sabuni. Alicheka sana, lakini somo liliingia. Tangu siku hiyo tukawa tunasimama dirishani na vikombe vyetu vya chai, tukiangalia nani anapita kando ya waya. Hata aliyejibanza kukojoa tulimtilia shaka kuwa ni dalali.

Wewe unajua shaka hii nimeitoa wapi. Bonde la nyuma ya nyumba yetu, ulikokuwa ukikamata vyura na kuwaficha kwenye beseni la kufulia la mama, nalo liliwekewa kibao cha kijani. Mimi na wewe tulikiamini. Tuliwafukuza watoto wenzetu wasiingie, tukijiona askari wa serikali. Leo pale kuna maghala, na hakuna aliyewahi kutuomba radhi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Basi Jumamosi moja, Chiriku akiwa kwa fundi cherehani kupanuliwa sare, nilipenya mahali waya ulipolegea. Sketi ilinaswa, goti likalia, nikaendelea. Upande wa shule, nyuma ya matete, nikaona kigingi kilichopakwa rangi nyekundu kichwani. Nilisema wameshapima viwanja, watoto wetu wanaimbishwa nyimbo za miti huku ardhi imeshagawanywa. Nikaking'oa kiwe ushahidi, nikakifunika kwa kanga na kukificha nyuma ya debe la unga.

Jumatatu mtoto alirudi macho yamevimba. Kumbe kila mwanafunzi amepewa na Bwana Kijani kipande chake kidogo cha ardhi humo hifadhini, kimewekewa vigingi, na kila wiki wanahesabu kilichoota. Cha kwake kimeng'olewa kigingi kimoja, mpaka wake umepotea, hesabu ya muhula mzima imevurugika. Na aliwaambia wenzake kwamba wezi wa ardhi wamefika, kama shangazi alivyosema siku zote. Aliwahi kunieleza habari za vigingi hivyo, mdogo wangu. Siku hiyo mimi nilikuwa nalikodolea macho gari jeupe lililosimama kando ya waya.

Niliona aibu, nikajiambia nitakirudisha kimyakimya. Lakini jioni alikwenda kuchota unga, akatoka jikoni amekishika. Ubavuni alikuwa amechonga kindege, alama yake.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nikamwambia nilikuwa namlindia.

"Unanilindia kwa kuning'olea?"

Nikachukua debe, nikalirudisha mahali pake.

Kesho yake tulikwenda shuleni wote wawili. Kigingi alikibeba yeye, hakuniachia hata nikishike. Nilieleza mbele ya darasa, mwalimu wao akiwa ameinama ili asicheke. Bwana Kijani naye alikuwepo. Nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza kwa nini kibao chake hakina namba ya tangazo la serikali. Akatabasamu, akasema ataileta. Hajaileta. Mwalimu ameniambia kwamba wiki iliyopita Chiriku alisimama akamuuliza tena, na darasa zima likasubiri jibu. Nilipendezwa, sikufichi.

Lakini nyumbani ni mambo mengine. Akirudi ananiamkia vizuri, kisha anakwenda jikoni, nami nasikia debe la unga likisogezwa. Anakagua. Inaniuma kuliko goti. Nilitaka asidanganywe na watu wa mbali, sasa anayekaguliwa ni mimi ninayemsuka nywele.

Nakuomba kitu kimoja. Mwandikie habari za bonde letu, za kibao na za wale vyura, ajue shangazi yake hakuzaliwa na roho mbaya. Nikimwambia mimi ananitazama tu.

Msalimie wifi, asogee pembeni kwenye picha ijayo. Shemeji yako anakusalimu, na fundi cherehani pia. Mungu akulinde huko uliko, na mguu wako autazame.

Ni mimi dada yako akupendaye bila shaka yoyote,

Mama Stoo.

Baba, shikamoo. Shangazi amenipa barua niipeleke posta, nami nimeisoma kwanza. Ya kigingi ni kweli yote. Ya vyura naomba uthibitishe. Chiriku.