Fyuzi ya Baba Yenu

Wanangu,

Chakula kimefunikwa jikoni. Redio ya baba yenu msiiwashe hadi kesho, gundi ya spika haijakauka.

Fundi amekuja asubuhi. Valvu, zile taa zake za ndani, zote nzima. Iliyokufa ni fyuzi, na wala si fyuzi: baba yenu aliviringisha pale karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fundi akasema, “Mama, shukuru nyumba haikuungua.”

Nimeshukuru kwa shingo upande. Baba yenu aliapa kuacha sigara kabla ya kifungua mimba wetu kuzaliwa, na redio hii iliingia humu mkiwa tayari shuleni. Kumbe Jumapili zote zile alizojifungia, “mke wangu, valvu zinataka utulivu”! Ile harufu, alisema, ni ya risasi ya kuchomelea nyaya. Nami nikimpelekea chai.

~~Msimwambie shangazi yenu.~~ Nimempigia shangazi yenu. Amecheka mpaka akalia: ndiye aliyekuwa akimnunulia kaka yake.

Naenda kwake sasa hivi ~~kugombana~~ anisimulie yote, tangu pakiti ya kwanza. Miezi saba hii tangu mazishi sijasikia jambo jipya kuhusu mume wangu.

Mama