Leo Ajibu Mwenyewe

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Hapo ulipochomwa sindano pakiuma, weka kitambaa cha maji baridi, usipakande. Tumbo likiharibika kidogo usishangae, ila ukiona damu nipigie. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usipoteze muda kunipigia: mgongee jirani mwenye gari, akukimbize hospitali.

Ndiyo, asubuhi nilikununia. Uliniambia mbele ya foleni nzima kwamba naongea kama redio. Kwa hiyo nesi alipouliza kama una aleji na dawa yoyote, nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, leo ajibu mwenyewe.

Ukajibu, "Hakuna."

Wewe, uliyevimba uso kwa penisilini mpaka mwanao akakukimbia. Nesi alishaivuta hiyo hiyo kwenye bomba la sindano ndipo nikapiga kelele. Akaimwaga, akakuchoma nyingine, akasema hii nayo tuiangalie.

~~Usiningoje kula.~~ Ningoje.

Kesho tunarudi kwa sindano ya pili, hata ukijisikia mzima. Ukiulizwa, jibu wewe. Redio itakaa pembeni, lakini sitaizima.

Mama watoto