Mbegu Niliyowapikia Waombolezaji

Mama, shikamoo. Najua huitikii tena, lakini tangu niolewe na mwanao sijawahi kusema nawe bila kukuamkia, na sitaanza leo. Nina habari ya furaha. Ila kwanza nikiri kosa.

Siku ya mazishi yako watu walijaa mpaka uani. Mahindi ya ghalani yakaisha. Nikaangua yale uliyoyaning'iniza juu ya moto, nikapika makande. Nilikumbuka kwamba ni mbegu yako sufuria zikiwa zimekwisha kurudi tupu. Nililia sana. Watu wakadhani ni msiba tu.

Sasa tuna shamba la kijiji, la ujamaa, kule bondeni. Kila nyumba ilileta kopo lake la mbegu. Mahindi yakakauka, tukawa tunangoja siku ya kuvuna, mara mvua ikarudi juma zima. Tulipoingia shambani, yale manene yaliyosimama wima, maganda wazi nchani, yalikuwa yamekusanya maji na kuchipua yakiwa bado kwenye bua. Wanawake walishika vichwa.

Lakini Mama, hapa na pale niliona hindi limeinama, ncha chini, maganda marefu yamebana kabisa. Nikalimenya. Kavu. Nikamenya la pili, kavu vilevile. Ndipo nikakumbuka ulivyonigombeza nilipokuwa nikichagua manene kwenye lundo: "Mbegu huchaguliwa shambani. Kwenye lundo utajuaje lipi liliinama?" Nami nilidhani ni ukaidi wa uzee. Basi nikaanza kukimbia mstari hadi mstari, nafunga uzi kwenye kila bua lenye hindi lililoinama. Bwana shamba alinicheka, kisha naye akaomba uzi.

Nadhani ni mbegu yako ileile uliyokuwa ukiwagawia majirani, nami nikinung'unika kwamba unagawa mno. Nisamehe kwa hilo pia.

Sasa mahindi niliyoyafungia uzi yananing'inia juu ya moto. Jana nilimweleza mwanao yote. Akasema yale makande yalikuwa matamu.

Buriani, Mama. Nakuahidi, kabla ya masika kila nyumba hapa kijijini itapata kopo moja la mbegu yako. Nikikosea tena nikaipika yangu, nitajua mlango wa jirani wa kubisha.