Hodi tatu, nikanyamaza

Jeni, nilikuwa naosha tangawizi, nimeshindwa kuendelea.

Zile dakika kumi tulizoahidiana, za kukaa tu kila siku bila kazi? Leo nimejifungia ndani ili nizipate. Mara nasikia hodi. Mama mkwe! Amepiga hodi mara tatu, nami kimya. Mara tatu, Jeni! Nimemwacha mtu mzima juani.

Dakika zilipoisha nikafungua mlango. Bado yupo! Amekaa kwenye jiwe na sufuria ya makande, anafukuza kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepumzika?"

"Mama, sikusikia..."

"Ulisikia. Kandambili zako si hizi hapa mlangoni? Nikasema acha mwanangu akae, mimi nitalinda chakula."

Nimemdanganya, na bado ananiita mwanangu! Nikamkaribisha tule, akasema ameshiba, akaanza kupanda mlima taratibu kurudi kwake.

Nimerudi kwenye tangawizi, nimeosha kidogo, nimeiacha. Iliyobaki nitaiosha kesho alfajiri, kabla gari linaloipeleka sokoni Same halijapita.

Sasa namfuata. Nataka nimwambie mwenyewe kwamba nilisikia tangu hodi ya kwanza.