Sukari Ambayo Hamadi Hakuila

Jumatano, baada ya alasiri. Mvua imeshuka ghafla na mtaa wetu mzima wa Madungu umekimbilia kuanua karafuu. Mimi nimekaa na aibu yangu, nimeona bora niiandike.

Inamhusu Hamadi, mume wangu wa miaka ishirini na mbili.

Miezi mitatu iliyopita aliambiwa ana kisukari. Siku ile ile nikajifanya askari. Sukari ya chai nikaifungia kabatini, halua nikaipiga marufuku. Kila alfajiri, kabla hajatia kitu kinywani, nilimtoboa kidole kwa ile mashine ndogo ya kupimia. Na kila alfajiri namba ilikuwa juu.

Sasa mtu hajala usiku kucha, sukari inatoka wapi? Nikajijibu mwenyewe: anakula kwa siri. Nikapekua mifuko ya kanzu zake. Nikamnusa mdomo akitoka msikitini. Hata muuza halua wa sokoni nilimwendea nikamhoji, maskini baba wa watu akaapa hajamwona.

"Wallahi mie sikula kitu," Hamadi alikuwa akiniambia. "Mbona hunsadiki, nke wangu?"

Sikumsadiki.

Mwezi uliopita nikafanya baya zaidi. Tulikwenda kijiji cha Vitongoji kwa mama yake, Bi Mize, kwenye khitma ya marehemu baba mkwe. Wageni walipoondoka tukabaki watu wa nyumbani, nikasema mbele ya wote kwamba Hamadi ni mwongo, anajificha akila halua. Watu wakacheka. Bi Mize hakucheka. Alimwambia, "Uwongo sikukufunza mie, mwanangu." Hamadi akainamisha kichwa. Mtu mzima wa miaka hamsini.

Leo tumerudi hospitali kuchukua majibu ya damu, maana daktari hakupendezwa na ule uchovu wake usiokwisha. Ana homa ya ini, aina ya C, ile inayoletwa na kirusi.

Daktari, binti mpole, alitueleza taratibu. Ini huweka akiba ya sukari, na tukilala huitoa kidogo kidogo ili mwili usiishiwe. Insulini ndiyo huliambia basi, imetosha. Ini lenye kirusi hiki husikia kwa shida, likaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata ya mtu aliyelala na njaa. Huenda kirusi ndicho kilichomletea kisukari chenyewe. Dawa ipo, vidonge vya wiki kadhaa, na wengi kirusi huwatoka kabisa. Sukari nayo inaweza kutulia, ingawa hilo hakuliahidi.

Nami nimetolewa damu. Alhamdulillah, sina.

Lakini niliogopa, nisiseme uongo. Nikamgeukia Hamadi nimshike mkono, nikamkuta anatabasamu.

"Umesikia?" akaniambia. "Sikula."

Mume wangu ameambiwa ini lake linaumwa, naye amefurahi, kwa sababu sasa ipo karatasi inayosema yeye si mwongo.

Hapo ndipo nilipojua nimemtesa kiasi gani.

Kule nje aliikunja ile karatasi vizuri akaitia mfuko wa kifuani. Nikamuuliza ya nini. "N'kamwoneshe mama," akasema.

Nampenda mtu huyu. Nampenda na ubishi wake, na kikohozi chake cha kujitangaza mlangoni, na huu upole ambao miezi mitatu nilidhani ni ujanja. Nilikuwa nikimlinda na kisukari, nikasahau kumlinda na mdomo wangu.

Nimemwomba karatasi aiache. Kesho nakwenda Vitongoji mimi, na nitaomba wakusanyike wale wale waliocheka.

"Utaweza?" ameniuliza, nusu utani. Ana haki ya kuuliza. Tangu niolewe hakuna aliyenisikia katika nyumba ile nikikiri kosa.

Sijui nitaanzaje. Najua tu nitakavyomaliza: Mama, mwanao hakusema uongo. Niliyesema ni mimi.